Siku tisa India Kaskazini na mama mwenye pumu: pa kwenda na pa kuacha

Swali la msomaji:

“Tuko Mombasa, tunasafiri watu wanne: mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 10 na mama yangu wa miaka 66. Mama ana pumu na magoti yanamsumbua. Tumepata siku tisa, na kwa sababu ya shule ni lazima iwe Aprili, Agosti au Desemba. Tunataka Delhi, Agra, Jaipur, Varanasi na Amritsar. Kijana anataka kumwona simbamarara, kwa hivyo tumeongeza Ranthambore na Corbett. Wakala mmoja ametuhakikishia kwamba simbamarara ataonekana, anasema Desemba ndio msimu wenyewe, na bei yake iko chini kuliko ya wengine wote. Mama hajawahi kuchanjwa homa ya manjano. Je, mpango huu unawezekana?”

Jibu:

Dada yangu, safari inawezekana. Mpango ndio hauwezekani. Nikiisoma barua yako naona hofu mbili: mama asije akaugua ugenini, na akiba isije ikaisha kisha kijana arudi hajamwona mnyama aliyemfuata. Zote mbili zinapungua mkikubali kuacha baadhi ya miji, na najua hilo ni gumu kwa mtu asiyejua atarudi India lini.

Nianze na sentensi uliyoiweka mwishoni, maana ndiyo inayoweza kuvunja safari nzima. Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo India inadai cheti cha homa ya manjano kutoka kwa wasafiri wake. Chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na katika safari ya siku tisa hapo hakuna safari tena. Kijana anahitaji cheti, nyinyi wawili pia. Aliyekwisha kuchanjwa zamani kadi yake haiishi muda. Tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote.

Kwa mama, lakini, usimpeleke tu kituo cha chanjo kama unavyompeleka kijana. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Wengi haiwadhuru, ila madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza. Na kama katika matibabu ya pumu anameza vidonge vya steroidi, daktari lazima ajue kipimo na muda, kwa sababu dawa hizo zikiwa nyingi hushusha kinga na chanjo hai huwa haifai. Aende kwa daktari anayemjua, na dawa zake zote mkononi. Akiambiwa asichanjwe, atapewa barua ya kueleza sababu, lakini msidhani barua hiyo itawafungulia mlango uwanja wa ndege. Ulizeni kwanza ubalozi wa India, na jibu liwe la maandishi. Mpaka hapo, msinunue tiketi ya mtu yeyote.

Sasa ramani. Varanasi iko kama kilomita 800 kusini mashariki mwa Delhi. Amritsar iko kama 450 upande wa kaskazini magharibi. Corbett ni kaskazini mashariki, na Ranthambore ni kusini. Mpango wenu unawatuma pembe nne, na kila mara mnarudi Delhi kubadilisha gari. Futeni Varanasi, Amritsar na Corbett. Varanasi ni mji wa kukaa, hautazamwi kwa kupita. Zinabaki Jaipur, Ranthambore, Agra na Delhi, ambazo zimepangana kama mzunguko mmoja.

Kuhusu msimu, wakala hakukudanganya moja kwa moja. Watu wengi hushauri Oktoba hadi Machi, na kwa mtu mwenye mapafu mazima ushauri huo ni mzuri. Mama yako si mtu huyo. Kuanzia Oktoba wakulima wa Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga ili wapande ngano. Moshi huo unakutana na wa magari, wa tanuri za matofali na vumbi la ujenzi wa Delhi. Kisha baridi inaingia: hewa ya karibu na ardhi inapoa, ya juu yake inabaki na joto, na ile ya joto inakaa kama kifuniko juu ya sufuria. Upepo ni mdogo, kwa hivyo kila kinachofukizwa mjini kinabaki mjini. Ndiyo maana Desemba, hata baada ya mashamba kwisha kuchomwa, hewa ya Delhi huendelea kuwa mbaya. Mtu wa pumu aliyezoea upepo wa bahari wa Mombasa ataihisi hewa hiyo usiku wa kwanza.

Zaidi ya hayo kuna ukungu. Kutoka nusu ya pili ya Desemba hadi Januari uwanda wa Delhi na Agra hufunikwa, treni zinachelewa kwa masaa, ndege zinaelekezwa kwingine. Unaweza kuamka alfajiri, ukalipa, ukaingia Taj Mahal na usione hata mnara mmoja. Na wiki ya Krismasi Wahindi wenyewe wako likizo. Viti vya safari Ranthambore huwa vimekwisha kuchukuliwa zamani.

Agosti iacheni. Ni masika ya India, na sehemu kuu ya hifadhi ya Ranthambore hufungwa Julai hadi Septemba.

Inabaki Aprili, ambayo watu wengi wataikataa kwa sababu ya joto. Ni kweli ni kali: Jaipur mchana hufika nyuzi 37 au 38 mwanzoni mwa mwezi na kuvuka 40 mwishoni. Lakini ni joto kavu, lisilo jasho la kunata kama la kwetu, na linaweza kupangiwa. Mnatoka alfajiri, mnarudi hotelini saa tano, mnalala, mnatoka tena saa kumi. Hewa ya Delhi inakuwa afadhali kuliko ya Desemba, ingawa siku za upepo wa vumbi mama abaki ndani. Na porini, Aprili ni mwezi bora kuliko Desemba, kama nitakavyoeleza. Ningekuwa mimi, ningekwenda wiki ya kwanza shule zinapofungwa, nisingoje mwisho wa mwezi. Daktari akisema moyo au presha ya mama haivumilii joto hilo, basi iwe mwanzo wa Desemba, kabla ukungu haujashika, na Delhi mlale usiku mmoja tu. Huo si uamuzi wa mpanga safari.

Tuje kwa simbamarara. Anayekuhakikishia ataonekana anauza kitu asichokuwa nacho. Nadhani tatizo linaanzia Masai Mara. Sisi tumezoea simba: wanakaa kwa kundi, nyasi ni fupi, madereva wanaitana kwa redio, na ndani ya nusu saa kuna magari kumi. Simbamarara ni mnyama wa peke yake. Kila mmoja ana eneo lake, jike na watoto wake tu ndio utakaowakuta pamoja kwa muda mrefu. Anawinda kwa kunyemelea, na ile michirizi yake katika msitu wa miti ya dhok iliyokauka inamficha hata akiwa hatua ishirini kutoka barabarani. Tena gari lenu linapewa ukanda mmoja tangu mnapokata tiketi. Ranthambore ina kanda 10, na dereva haruhusiwi kuhama ukanda, kutoka nje ya njia, wala kuchelewa getini. Safari moja ni kama masaa matatu na nusu, asubuhi au alasiri. Akitokea simbamarara ukanda wa tatu nanyi mko wa tano, hamtamfuata.

Kwa hivyo kinachoongeza bahati ni kurudi mara nyingi, na kwenda wakati maji ni machache. Aprili majani yameanguka, vidimbwi vidogo vimekauka, na wanyama wote wanajikusanya kwenye maziwa na mashimo yaliyobaki. Simbamarara tofauti na paka wengi anapenda maji. Mchana wa joto huingia kinyumenyume, akakaa hadi kifuani. Desemba maji yako kila mahali, nyasi ni ndefu, na hana haja ya kujitokeza.

Mfundisheni kijana kazi ya mwongoza wageni kabla hamjafika, na safari itamfaa hata asipomwona. Alfajiri mwongozaji anaangalia vumbi la njia, kwa sababu simbamarara hupenda kutembea kwenye njia laini, na anapima alama za nyayo kama ni za usiku ule au za jana. Kisha anazima gari na kusikiliza. Swala wa madoadoa aitwaye chital hupiga kelele kwa hofu ndogo tu, kwa hivyo mlio wake mmoja si habari. Nyani langur aliye juu ya mti anaona mbali, naye akikohoa mnainua vichwa. Lakini sambar, yule kulungu mkubwa, akipiga mlio wake mzito na akaurudia, dereva anawasha gari. Kuna pia mamba, dubu na chui. Na mwambieni habari za Machli, jike aliyeishi humo na kujulikana duniani kwa kumuua mamba, alikufa 2016. Eneo hili lilikuwa la kuwindia la watawala wa Jaipur hadi lilipoingizwa katika mpango wa taifa wa kuokoa simbamarara mwaka 1973. Hesabu ya 2022 ilipata simbamarara wasiopungua 3,167 India nzima, ambao ni wengi kuliko wa nchi nyingine zote zikijumlishwa.

Chagueni lile gari dogo la wazi la watu sita, Gypsy, badala ya kanta ya watu ishirini. Kanta ni ya bei nafuu, ila inaruka kwenye mawe na haipiti vizuri kona nyembamba. Magoti ya mama hayataisamehe. Yeye safari mbili zinamtosha, na leso ya kuziba pua na mdomo iwe mkononi, maana Aprili njia za porini zina vumbi jingi na vumbi hilo si rafiki wa pumu. Nyinyi watatu nendeni mara nne. Viti hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, haviuziki kwa mwingine, na getini wanataka pasipoti halisi. Simu mtaambiwa mzizime au mziache, msibishane.

Njia yenyewe ningeipanga kinyume na wengi, kuanzia Jaipur na kumalizia Delhi. Kenya Airways inakwenda Mumbai, na kutoka Mumbai kuna ndege za ndani hadi Jaipur, mwendo wa kama masaa mawili. Mkiwa na tiketi mbili tofauti acheni nafasi ya kutosha katikati, kwa sababu mtapita uhamiaji na kuchukua mizigo. Laleni Jaipur siku tatu, Ranthambore tatu, Agra moja, Delhi moja. Mkienda Desemba, toeni usiku mmoja Ranthambore muuweke Bharatpur, kwenye hifadhi ya ndege ya Keoladeo: hakuna magari ndani, mnazungushwa kwa riksho ya baiskeli, na waendeshaji wake wanajua ndege kwa majina. Mama ataipenda. Aprili ndege wahamiaji wengi wameshaondoka na maji yamepungua, hivyo ipiteni tu.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia Jaipur. Ni mji mkubwa wenye hospitali kubwa. Sawai Madhopur, mji wa Ranthambore, ni mdogo. Siku mbili za Jaipur zitawaonyesha mama anavyopumua, na kama kifua kimeanza kubana, hamtakuwa mmeshafika porini.

Jaipur yenyewe msiihangaikie yote. Mfalme Sawai Jai Singh II aliijenga kuanzia 1727 kwa mitaa iliyonyooka kama rula, na alikuwa mpenzi wa elimu ya nyota. Jantar Mantar, uwanja wake wa vipimo vya nyota, ndipo kijana atakapong'ang'ania kubaki: kuna saa ya jua yenye urefu wa mita 27 hivi, na kivuli chake kinatembea kama milimita moja kwa sekunde, unakiona kinavyosogea. Hawa Mahal yenye madirisha 953 itazameni kutoka barabarani. Uzuri wake uko mbele. Ngome ya Amber pandeni kwa jipu. Tembo wanaopandisha wageni kule wanabeba watu juani kwenye mteremko wa mawe, na mimi siwashauri wateja wangu kuwapanda.

Treni ya Jaipur hadi Sawai Madhopur ni mwendo wa masaa mawili hivi, na kutoka hapo hadi Bharatpur mawili na nusu. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Kateni behewa lenye kiyoyozi, na mkiona neno la orodha ya kusubiri mjue bado hamna kiti. Bharatpur mchukue gari hadi Agra, kilomita 55 tu, na njiani kuna Fatehpur Sikri, mji mkuu wa mfalme Akbar alioanza kuujenga 1571 kisha ukaachwa. Ngazi ni nyingi. Mama asubiri kivulini.

Agra inastahili usiku mmoja mzima, si kupita mchana kutoka Delhi. Jioni nendeni Mehtab Bagh, bustani iliyo ng'ambo ya mto Yamuna, muione Taj jua linapozama, bila msongamano. Asubuhi muwe getini kabla jua halijachomoza. Taj hufungwa Ijumaa kwa wageni. Wanaoingia siku hiyo ni wanaokwenda kuswali katika msikiti wake. Tiketi ya mgeni imekuwa rupia 1,100, na 200 za kuongeza kwa kuingia ndani ya kaburi. Vyakula vinazuiwa mlangoni, na magari ya mafuta hayafiki karibu, mnapelekwa kwa vigari vya umeme. Ulizeni kiti cha magurudumu mapema.

Hapo ndipo mama atakapofaidi kuliko nyinyi wote, kama anasoma Kur'ani. Wageni wengi hupita lango kuu wakikimbilia kupiga picha, bila kujua kwamba limezungukwa na Suratul Fajr, ile inayomalizia kwa kuiita nafsi iliyotulia iingie peponi. Kwenye kaburi lenyewe, matao makubwa yamepambwa kwa Yasini. Herufi ni za jiwe jeusi zilizopachikwa ndani ya marumaru kwa hati ya Amanat Khan, bingwa wa maandishi, naye alizikuza kadiri zinavyopanda juu ili aliye chini azione zote kwa ukubwa mmoja. Mumtaz Mahal, mke ambaye mfalme Shah Jahan alimjengea kaburi hili, alifariki 1631 akijifungua, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata. Makaburi mtakayoyaona ndani ni alama tu. Ya kweli yako chini, yamefungwa. La Shah Jahan limewekwa pembeni ya la mkewe, na ndilo jambo pekee lililovunja ulinganifu wa jengo zima. Mpeni mama nusu saa pale langoni asome, msimharakishe.

Delhi, asubuhi ya kuondoka, nendeni kaburi la mfalme Humayun, baba wa Akbar, basi. Lilijengwa na mjane wake Bega Begum, aliyeitwa Haji Begum baada ya kuhiji, miongo kadhaa kabla ya Taj, na mkishaiona Taj mtatambua ilikotokea.

Kuhusu ile bei ya chini. Gari na dereva lina gharama ambazo haziepukiki: mafuta, ushuru wa barabara, kodi ya kuvuka mpaka wa jimbo, malazi ya dereva. Bei ikishuka chini ya hapo, tofauti inalipwa na maduka. Mtapelekwa karakana ya marumaru Agra, ya mazulia na vito Jaipur, mnywe chai, muoneshwe zulia moja baada ya jingine, na kila mnachonunua dereva na wakala wana fungu lao. Hakuna uhalifu hapo, lakini mnalipa kwa masaa, na nyinyi masaa hamna. Mwambieni wakala aandike mambo matatu: hakuna kusimama madukani, aina ya gari la porini na idadi ya safari, na nani analipa ushuru. Akikataa kuandika, mshajua.

Viza ombeni wenyewe mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya India inayoishia na gov.in, zipo nyingi za kuiga zinazotoza zaidi. Na chukueni rupia taslimu za noti ndogo. Muuza chai wa India analipwa kwa simu kama wetu, lakini M-Pesa yako haitamsaidia.

Kabla ya safari daktari ampe mama maelezo ya maandishi: dawa za kila siku, dawa ya kuvuta ya dharura, na afanye nini pumu ikizidi. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, na bima iwe imetaja pumu kwa jina, la sivyo wanaweza kukataa kulipa. Akiwa huko, akianza kuhitaji dawa ya dharura mara nyingi kuliko kawaida, akiamka usiku kwa kukosa pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi, msingoje kuche wala kuulizana kwenye simu na ndugu wa nyumbani. Hospitali, saa hiyo hiyo. Namba ya dharura ya India ni 112.

Ukishapata neno la daktari niandikie tarehe, tuangalie Ijumaa inaangukia wapi kabla hamjalipia hoteli ya Agra.